Mafunzo ya Kusoma kwa Kasi: Chimbuko na Maendeleo Yake

Mafunzo ya kusoma kwa kasi ni mazoezi anayopewa mtu ambaye tayari anajua kusoma ili apitie maandishi upesi kuliko kawaida yake, na bado aelewe anachosoma. Kipimo chake ni idadi ya maneno kwa dakika. Mtu mzima aliyezoea vitabu husoma Kiingereza kimyakimya kwa wastani wa maneno 240 hivi kwa dakika. Walimu wa kasi wameahidi maneno 1,000, wengine 3,000, na wapo waliodai kuvuka 20,000. Mafunzo haya yalianza Marekani katika miaka ya 1920, yakafikia kilele chake cha kibiashara katika miaka ya 1960 na 1970, na hadi leo yanauzwa kwa njia ya vitabu, kozi na programu za simu. Mbegu yake ilitoka maabara, katika ugunduzi wa kweli kuhusu mwenendo wa jicho. Kosa lilikuja baadaye, katika tafsiri: mambo yanayoonekana kwa msomaji hodari yalichukuliwa kuwa ndiyo yanayomfanya awe hodari, na sehemu kubwa ya biashara ya kasi imejengwa juu ya msingi huo.

Jicho linaloruka

Kasi haikuweza kuwa somo la pekee maadamu kusoma kulimaanisha kusoma kwa sauti. Maandiko mengi ya kale ya Kilatini yaliandikwa maneno yakiwa yameshikana, na msomaji alihitaji ulimi na sikio ili kuyatenganisha. Mwishoni mwa karne ya 4 Augustino alipomkuta Ambrosi, askofu wa Milano, akisoma huku midomo yake imetulia, aliona ni jambo linalostahili kuandikwa. Tangu karne ya 7 watawa wa Ireland walianza kuacha nafasi kati ya neno na neno, na desturi hiyo ikaenea Ulaya polepole. Anayesoma kimya hafungwi na mwendo wa ulimi. Mwendo wake mwenyewe, hata hivyo, haukupimwa hadi karne ya 19.

Kati ya 1878 na 1879 daktari wa macho wa Paris, Louis Émile Javal, alichapisha mfululizo wa makala kuhusu fiziolojia ya kusoma. Ilidhaniwa kwamba jicho huteleza juu ya mstari bila kukatika. Javal alieleza kwamba huenda kwa miruko midogo, likitua kidogo baada ya kila mruko. Mwaka 1879 Mjerumani Ewald Hering alifikia jambo hilohilo kwa kutumia sikio: aliweka mirija ya mpira kwenye kope na kusikia misuli ya jicho ikitoa mlio mfupi kila liliporuka.

Katika miaka hiyohiyo mji wa Leipzig ulikuwa kitovu cha saikolojia ya majaribio, kwenye maabara ya Wilhelm Wundt. Mwanafunzi wake kutoka Marekani, James McKeen Cattell, aliwaonyesha watu herufi na maneno kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Mtu aliweza kutaja herufi tatu au nne zisizohusiana, lakini zilipokuwa zimeunda neno alilinasa neno zima, na maneno yalipounda sentensi alinasa mengi zaidi. Matokeo hayo ya 1885 na 1886 yalionyesha kwamba msomaji mzoefu hasomi herufi mojamoja. Walimu wa kasi wa baadaye waliyachukua kuwa ushahidi kwamba jicho linaweza kufundishwa kunasa kirai kizima, hata mstari mzima, kwa mtazamo mmoja. Hilo Cattell hakulithibitisha.

Kupima miruko yenyewe kulihitaji ujasiri. Edmund Burke Huey, akiwa Chuo Kikuu cha Clark katika jimbo la Massachusetts, alitengeneza kikombe kidogo cha plasta chenye tundu, akakipachika juu ya jicho lililotiwa kokeini ili lisihisi maumivu. Kikombe kiliunganishwa na kijiti chepesi cha alumini kilichochora mwendo wa jicho kwenye karatasi yenye masizi iliyozungushwa kwenye ngoma. Mwaka 1901 Raymond Dodge na mwenzake walipata njia isiyogusa jicho: walipiga picha ya mwanga unaoakisiwa na konea. Kamera za namna hiyo zilitumika kwa miongo kadhaa.

Picha hizo zilitoa tabia ambazo vipimo vya leo havijazikanusha. Jicho hutua kwa wastani wa robo ya sekunde, kisha huruka kwa sehemu chache tu za mia za sekunde, na katika kuruka haliokoti chochote cha maana. Kila mruko hupita herufi saba hadi tisa. Mara moja katika kila miruko kumi au pungufu kidogo, jicho hurudi nyuma kwenye maneno lililokwisha kuyapita. Mwaka 1908 Huey alikusanya maarifa hayo katika kitabu chake juu ya saikolojia na ufundishaji wa kusoma, akaeleza pia kwamba watu wengi husikia sauti ya ndani wanaposoma kimya. Kutua, kurudi nyuma na sauti ya ndani: hayo matatu ndiyo yaliyokuja kutangazwa kuwa maadui wa kasi.

Kutoka maabara hadi darasani

Mwanzoni mwa karne ya 20 shule za Marekani bado zilipima kusoma kwa kumsimamisha mtoto asome kwa sauti mbele ya wenzake. Katika miaka ya 1910 na 1920 hali ilibadilika. Mitihani sanifu iliingia, na mwanafunzi akaanza kupimwa kwa saa na kwa maswali ya ufahamu. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa mstari wa mbele kupitia Charles Judd, William S. Gray na Guy Buswell. Buswell aliwapiga picha za macho wanafunzi wa madarasa mbalimbali, na katika ripoti yake ya 1922 alionyesha kwamba kadiri msomaji anavyokomaa, vituo vya jicho katika kila mstari hupungua, kila kituo huwa kifupi zaidi, na kurudi nyuma huwa nadra.

Takwimu hizo zilikuwa sahihi, na zilijibu haja ya wakati. Viwanda, ofisi na magazeti vilikuwa vimeongezeka. Wahandisi wa uzalishaji walikuwa wakipima kwa saa ya kupimia muda kila mwendo wa mfanyakazi kiwandani, na lilikuwa jambo la kawaida kufikiri kwamba mwendo wa jicho nao unaweza kuondolewa upotevu. Mwaka 1929 Walter Pitkin, profesa wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Columbia, alichapisha kitabu cha kufundisha usomaji wa haraka, miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya aina hiyo vilivyolenga umma. Pitkin alikuwa mwandishi hodari wa vitabu vya kujiendeleza. Miaka mitatu baadaye alijipatia umaarufu kwa kitabu kilichotangaza kwamba maisha huanza mtu akifika miaka arobaini. Kuanzia hapo usomaji wa kasi ulikuwa na miguu miwili, mmoja chuoni na mmoja katika soko la vitabu vya kujisaidia.

Enzi ya mashine

Kama jicho la msomaji hodari hutua mara chache, je, jicho la msomaji dhaifu haliwezi kulazimishwa lifanye vivyo hivyo? Hilo ndilo swali lililozaa mashine za miaka ya 1930. Earl Taylor na jamaa zake walibuni kamera ya kubebeka ya kupigia picha mwendo wa macho, iliyoitwa Ophthalm-O-Graph, na pamoja nayo mashine ya mafunzo iliyoitwa Metron-O-Scope. Mashine hii ya pili ilikuwa na vidirisha vitatu vilivyofunguka na kufungika kwa zamu kutoka kushoto kwenda kulia, kila kimoja kikionyesha sehemu ya mstari kwa muda mfupi. Msomaji hakuwa na nafasi ya kurudi nyuma, kwa kuwa kidirisha kilichopita kilikuwa kimeshafungwa. Huko Harvard zilitengenezwa filamu ambazo maneno yake yalijitokeza kwenye skrini kirai baada ya kirai kwa mwendo uliopangwa.

Kifaa kilichopata sifa kuliko vyote kilikuwa takistoskopu, chombo cha kuonyesha picha au maandishi kwa kufumba na kufumbua. Kilikuwepo maabara tangu 1859, kilipoelezwa na Mjerumani Alfred Volkmann. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyokitoa kwenye kabati. Samuel Renshaw, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, alikitumia kuwafundisha wanamaji wa Marekani kutambua ndege na meli kwa umbo zima badala ya kuchunguza bawa, mkia na injini kimojakimoja. Baharia aliyeona kivuli cha ndege kwa muda mfupi sana alijifunza kusema mara moja kama ni ya adui au ya wenzake, na jeshi la majini likaeneza mbinu hiyo.

Vita vilipokwisha, vyuo vilijaa maaskari waliorudi masomoni kwa ruzuku ya serikali, wengi wao wakiwa wameachana na vitabu kwa miaka. Kliniki za kusoma zilifunguliwa, na takistoskopu ikahamia humo pamoja na vyombo vya kuharakisha, ambavyo kipande chake kilishuka juu ya ukurasa na kufunika mistari kwa mwendo maalumu ili msomaji akimbie mbele yake. Makampuni nayo yaliwalipia mameneja wao kozi hizo.

Mbinu iliyofaa kutambua ndege haikulingana na kazi ya kusoma. Ndege ni umbo moja linalotambuliwa mara moja na kazi imekwisha. Ukurasa ni mlolongo, na kila neno linapaswa kuunganishwa na yaliyotangulia kabla akili haijaendelea. Mtu alihitimu kwa kunasa tarakimu nyingi zilizomulikwa, kisha akifungua kitabu, macho yake yalirudia mwendo wa zamani.

Onyo lilikuwa limeshatolewa. Miles Tinker wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliyeutafiti mwendo wa macho kwa miaka mingi, alisisitiza kwamba mwendo huo ni dalili na wala si chanzo. Jicho la msomaji dhaifu hurudi nyuma kwa sababu hajaelewa. Kumzuia asirudi hakumpi uelewa aliokosa. Mwaka 1946 Frederick Westover alilinganisha wanafunzi waliofundishwa kwa mashine ya kuongoza macho na wale waliofanya mazoezi ya kawaida ya kusoma na kujibu maswali. Makundi yote mawili yaliongeza kasi, na mashine haikuonyesha faida ya ziada. Kilichosaidia ni mazoezi yenyewe, na nia ya kwenda haraka.

Evelyn Wood na mkono unaoongoza

Mapinduzi ya kibiashara yaliletwa na mwalimu wa sekondari asiyetumia mashine yoyote. Evelyn Nielsen Wood alizaliwa mwaka 1909 katika mji wa Logan, Utah. Alifundisha na kuwashauri wanafunzi katika shule ya sekondari ya Jordan, akajishughulisha hasa na wasichana na wavulana waliokuwa nyuma katika kusoma. Kwa simulizi yake, chimbuko la njia yake lilikuwa siku alipomkabidhi profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Utah andiko lake la kurasa themanini, na profesa huyo akalimaliza papo hapo, akalijadili bila kuonyesha kwamba kuna alichokiruka. Wood alianza kutafuta watu wengine wenye kipaji hicho na kuchunguza wanavyosoma. Mkono nao una hadithi yake: alikitupa kitabu kwa kukata tamaa, akakiokota, na alipokuwa akiufuta uchafu kwenye ukurasa akagundua kwamba macho yake yanaufuata mkono kwa urahisi.

Mwaka 1958 alishiriki kuandika kitabu cha kiada kuhusu stadi za kusoma. Mwaka 1959 yeye na mumewe, Doug, walifungua taasisi yao ya Reading Dynamics mjini Washington. Jina hilo lilienea nchi nzima kwa njia ya matawi, na baada ya muda kampuni ikauzwa kwa wawekezaji huku Wood akibaki sura ya matangazo na mwalimu wa walimu.

Njia yake ilikuwa na hatua tatu. Mwanafunzi alikipitia kitabu kwanza ili ajue umbo la hoja, kisha alikisoma huku mkono ukishuka ukurasani kwa mtindo maalumu, na mwisho alirudi kukipitia tena na kuchora mchoro wa aliyoyakumbuka. Macho yalitakiwa kuteremka katikati ya ukurasa badala ya kwenda kushoto na kulia, na sauti ya ndani ilitakiwa kunyamazishwa ili maana iingie moja kwa moja kutoka kwenye maandishi hadi akilini. Kampuni ilimwahidi mwanafunzi kwamba uwezo wake utaongezeka mara tatu au zaidi, la sivyo arudishiwe fedha.

Ahadi hiyo ilitegemea hesabu ya kuzidisha kasi kwa asilimia ya ufahamu. Tuseme mwanafunzi alianza kwa maneno 250 kwa dakika na ufahamu wa asilimia 80. Alama yake ni 200. Akihitimu kwa maneno 1,500 na ufahamu wa asilimia 50, alama yake ni 750. Kwa hesabu hiyo ameongezeka zaidi ya mara tatu, ingawa sasa anakosa nusu ya maswali. Isitoshe, maswali yalikuwa ya kuchagua majibu, na mtu mwenye maarifa ya kawaida angeweza kubahatisha mengi.

Siasa iliipa biashara hii heshima. Mwezi Machi 1961 gazeti la Life liliandika kwamba rais mpya, John F. Kennedy, husoma maneno 1,200 kwa dakika, na tarakimu hiyo ikarudiwa kila mahali. Mwandishi wake, Hugh Sidey, alikuja kueleza kwamba yalikuwa makadirio na si matokeo ya mtihani. Kozi ambayo Kennedy alikuwa ameianza mwaka 1954 mjini Baltimore hakuimaliza, na wakati huo taasisi ya Wood haikuwa imezaliwa. Lakini umma uliokwisha kuamini kwamba rais anameza magazeti kwa dakika chache ulikuwa tayari kulipa ada. Maseneta, akiwemo William Proxmire wa Wisconsin, walihudhuria mafunzo ya Wood na kuyasifu. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter na binti yake Amy walisoma kozi hiyo ndani ya Ikulu ya Marekani. Wood alifariki mwaka 1995 katika mji wa Tucson, Arizona.

Mizani ya watafiti

Watafiti wa kusoma walianza kuzipima ahadi hizi mapema. Mwaka 1962 George Spache, wa Chuo Kikuu cha Florida, alipiga hesabu ya mipaka ya jicho. Haliwezi kutua kwa muda pungufu ya kama sehemu moja ya sita ya sekunde, kuruka nako kuna muda wake, na kila linapotua hunasa maneno mawili na nusu au matatu. Kwa hiyo mtu anayeona kila neno hawezi kuvuka maneno 800 au 900 kwa dakika. Anayezidi hapo lazima anaruka maneno. Mwaka huohuo Stanford Taylor, mtoto wa Earl Taylor na mtengenezaji wa kamera za macho, aliwapiga picha wahitimu 41 wa mafunzo ya Wood. Mwendo wa macho yao ulifanana na wa mtu anayepitia maandishi juujuu.

Mwaka 1963 Eugene Ehrlich alifanya jaribio lenye mtego. Aliandaa andiko ambalo mistari yake ilitoka kwa zamu katika makala mbili tofauti, hata maana haikupatikana. Wasomaji wa kasi walilipitia mara tatu kwa zaidi ya maneno 1,500 kwa dakika bila kutambua kwamba walichoshika mkononi hakisomeki. Ronald Carver naye, katika makala aliyoichapisha mwaka 1972, alionyesha udhaifu wa mitihani iliyotumika kuwasifu wahitimu: watu ambao hawakuisoma kabisa habari yenyewe walijibu sehemu kubwa ya maswali kwa kukisia, wakawa si mbali na waliosoma kwa kasi. Hitimisho lake lilikuwa fupi: wasomaji wa kasi hawasomi, wanapitia juujuu.

Utafiti kamili zaidi ulifanyika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon chini ya Marcel Just na Patricia Carpenter, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Waliwalinganisha watu wa aina tatu: waliofuzu mafunzo ya kasi, watu wa kawaida walioambiwa wapitie juujuu, na watu wa kawaida waliosoma kwa mwendo wao. Waliofuzu walisoma maneno 700 hivi kwa dakika, waliopitia 600, na wa kawaida 240. Katika habari nyepesi waliofuzu walishika kiini cha habari kuliko wale waliopitia tu. Katika makala ngumu za sayansi tofauti hiyo ilitoweka. Waliosoma kwa mwendo wa kawaida waliwapita wote. Kamera ilieleza sababu: swali lililohusu jambo mahususi halikujibiwa ikiwa jicho halikutua kwenye neno husika au herufi chache kando yake. Dhana ya kunasa mstari mzima kwa mtazamo mmoja ilikosa mahali pa kusimama.

Dhana hiyo ilikuwa imeshapata pigo jingine mwaka 1975, George McConkie na Keith Rayner walipotumia kompyuta iliyounganishwa na kamera ya macho. Maandishi yote kwenye skrini yaliharibiwa isipokuwa dirisha dogo lililolifuata jicho kila lilipoenda. Kwa kulipanua na kulibana dirisha hilo iligundulika kwamba msomaji wa Kiingereza hutumia herufi tatu au nne upande wa kushoto wa kitovu cha mtazamo na 14 au 15 upande wa kulia, na maneno hutambulika katika eneo finyu zaidi ya hilo. Kwa wasomaji wa Kiebrania, kinachoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, upande mpana huwa wa kushoto. Mpaka wa kutambua maneno umewekwa hasa na umbile la retina, ambayo huona kwa ukali katika eneo dogo la katikati tu, na hakuna zoezi linaloubadili.

Sauti ya ndani nayo ilichunguzwa. Mwaka 1959 Åke Edfeldt wa Stockholm alibandika elektrodi kwenye misuli ya usemi ya watu waliokuwa wakisoma kimya. Misuli ilitikisika kwa wote, na zaidi maandishi yalipokuwa magumu. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba msomaji akizuiwa kutumia sauti hiyo hupoteza hasa uwezo wa kuunganisha mawazo ya sentensi ndefu. Sauti ya ndani ni chombo cha kuyashikilia maneno kwa muda wakati maana inajengwa.

Nje ya Marekani

Uingereza ilipokea mafunzo haya kwanza kwa njia ya vitabu. Mwaka 1965 Manya na Eric De Leeuw walichapisha mwongozo wa bei nafuu uliowalenga wasimamizi na wanafunzi. Mwaka 1971 Tony Buzan alitoa kitabu chake cha kusoma kwa kasi, na kuanzia 1974 akajulikana zaidi kwa kipindi chake cha televisheni ya BBC kuhusu matumizi ya akili. Mashindano ya kusoma kwa kasi yaliyofuata yalifanya kasi kuwa mchezo. Mwaka 2007 bingwa wake, Anne Jones, alikisoma kitabu cha mwisho cha Harry Potter, chenye kurasa 607, kwa dakika 47 mjini London na kutoa muhtasari uliokubalika. Msomaji anayewafahamu wahusika na mtindo wa mwandishi kutoka vitabu sita vilivyotangulia anaweza kujaza mapengo mengi kwa kukisia.

Katika Umoja wa Kisovyeti somo hili lilipewa sura ya kisayansi. Oleg Kuznetsov na Lev Khromov walichapisha kitabu cha mbinu mwaka 1977, na Oleg Andreev akaendesha kozi zilizopata wanafunzi wengi. Ili kuizima sauti ya ndani, wanafunzi walisoma huku wakigonga meza kwa vidole kwa mdundo maalumu, mbinu iliyotokana na majaribio ya mwanasaikolojia Nikolai Zhinkin. Tawi la mbali zaidi lilichipuka Asia ya Mashariki. Kutokana na vitabu vya Mjapani Yumiko Tobitani, vituo vya China vilitangaza usomaji wa mawimbi ya kwantamu. Mwaka 2019 zilisambaa video za watoto wakifyatua kurasa mbele ya nyuso zao, eti wakipokea yaliyomo bila kuyasoma. Mamlaka za elimu ziliingilia kati, na vituo vikafungwa.

Kuenea huku kuliibua tatizo la kipimo chenyewe. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya maandishi yaleyale yaliyotafsiriwa katika lugha 17 na kusomwa kwa sauti na wazawa wa kila lugha. Wasomaji wa Kiingereza walifikia wastani wa maneno 228 kwa dakika, wa Kifini 161 na wa Kiarabu 138, ingawa ujumbe ulikuwa mmoja. Kifini na Kiarabu hupakia katika neno moja viambishi ambavyo Kiingereza huviandika mbalimbali. Kiswahili kiko upande huo: neno kama hawatatusomea lina nafsi, ukanushi, wakati, yambwa na kauli ya kutendea kwa pamoja. Ndiyo maana Kenya ilipoweka vigezo vya ufasaha kwa watoto wa darasa la pili ilitaka maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Jedwali la kasi lililoandaliwa kwa Kiingereza likitumiwa kumpima msomaji wa Kiswahili humwonyesha kuwa mzito hata kama anakwenda sawa na mwenzake.

Kutoka darasani hadi kwenye simu

Kufikia miaka ya 1990 biashara ilikuwa imehamia kwenye kanda na matangazo marefu ya televisheni. Mwaka 1998 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliwachukulia hatua watangazaji wa kozi iitwayo Mega Reading, iliyodai kwamba yeyote, hata mtoto, anaweza kuongeza kasi yake sana huku akielewa na kukumbuka karibu yote. Tume ilisema madai hayo hayakuwa na ushahidi.

Simu za kisasa zikaifufua takistoskopu. Tangu mwaka 1970 wanasaikolojia, wakiwemo Kenneth Forster na Mary Potter, walikuwa wakitumia mbinu ya kumulika neno moja baada ya jingine mahali palepale ili kuchunguza jinsi akili inavyounda sentensi. Mwaka 2014 kampuni ya Spritz ilitangaza programu iliyotumia mbinu hiyo, ikiweka herufi moja nyekundu katika kila neno ili jicho lisihangaike. Hoja yake ilikuwa kwamba miruko hupoteza muda. Muda huo kwa kweli ni mdogo, na wakati jicho linapotua akili huwa imeshaanza kulichungulia neno linalofuata, nafasi ambayo programu huiondoa. Mwaka huohuo Elizabeth Schotter na wenzake waliwasomesha watu maandishi ambayo kila neno lilifunikwa mara lilipopitwa. Ufahamu ulishuka, kwa sababu wasomaji walikosa njia ya kurudi kurekebisha walichokielewa vibaya.

Mwaka 2016 Rayner, ambaye alikuwa ameshafariki, na wenzake wanne walichapisha tathmini ya utafiti wote uliokuwepo. Walihitimisha kwamba kasi na usahihi hubadilishana: kimoja kikipanda sana, kingine hushuka. Mwaka 2019 Marc Brysbaert alikusanya tafiti 190 na kupata wastani wa maneno 238 kwa dakika kwa vitabu vya maarifa na 260 kwa hadithi za kubuni, chini ya maneno 300 yaliyokuwa yakitajwa kwa mazoea.

Kilichobaki baada ya hesabu hizo si kidogo. Kupitia maandishi juujuu ni stadi halali na ya lazima kwa mhariri, wakili au mwanafunzi anayetafuta ukurasa mmoja katika mia, na hatua ya Wood ya kukipitia kitabu kabla ya kukisoma bado hufundishwa shuleni na vyuoni. Ongezeko la kudumu la kasi lenye ufahamu hutokana na msamiati mpana, maarifa ya mada inayosomwa na wingi wa kusoma kwenyewe. Neno lililozoeleka hutambulika kwa muda mfupi zaidi, jicho hutua kidogo na kurudi nyuma mara chache. Hayo ndiyo Buswell aliyoyaona kwenye picha zake za 1922.